Mtoto akizimia ziwani, apimwe umeme wa moyo

Hapa Kigoma nikiulizwa natibu nini, nikajibu natibu mapigo ya moyo ya watoto, swali linalofuata karibu ni lilelile: "Kwani dokta, watoto nao wana presha?" Nalijibu kila mara kwa moyo mmoja, maana anayeuliza mara nyingi ana mtoto au mjukuu kichwani mwake, na anatafuta pa kuanzia. Presha ni habari nyingine. Ninachokishughulikia mimi ni umeme wa moyo.

Moyo una umeme wake wenyewe. Juu, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo sana inayoanzisha kila pigo. Umeme ukitoka hapo unasambaa vyumba vya juu, unafika katikati kwenye fundo ambalo huuchelewesha kidogo ili damu ipate nafasi ya kushuka, kisha unateremka na vyumba vikubwa vya chini vinakaza. Fundo hilo la katikati lilielezwa na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, na lile la juu likaelezwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack huko Uingereza. Mpaka leo sehemu kubwa ya kazi yangu inahusu mafundo hayo mawili na njia inayoyaunganisha: kuna watoto ambao umeme wao unakwenda mbio kupita kiasi, wengine unakatika katikati, na wengine, ambao ndio wananinyima usingizi, unapiga vizuri kila siku hadi siku moja unapovurugika ghafla na mtoto anaanguka.

Hao wa mwisho ndio walionifanya niandike leo. Lakini nianze na wanaokwenda mbio, kwa kuwa ndio wengi.

Mtoto wa miezi miwili aliletwa kutoka Katonga. Mama yake anauza dagaa, na yeye ndiye aliyenipa maelezo bora kuliko barua ya rufaa: "Dokta, akishika ziwa ananyonya mara mbili tatu anaachia, jasho linamtoka kichwani mpaka mto unalowa." Walikotoka alikuwa ameanzishiwa dawa ya nimonia, na sioni wa kumlaumu, kwa sababu mtoto anayehema haraka na kukataa kunyonya katika mkoa huu kwa kawaida ana nimonia au malaria. Nikaweka stethoskopu kifuani. Mapigo hayakuhesabika. Tukamfunga nyaya za mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi, karatasi ikatoka: mapigo 270 kwa dakika.

Mtoto mchanga mwenye afya moyo wake hupiga kati ya 120 na 160, na akiwa na homa au akilia hupanda zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba moyo wa homa unapanda na kushuka. Mtoto akitulia nao unatulia. Huu ulikuwa umeganda kwenye 270, alie asilie, alale asilale. Mtoto mchanga akivuka 220 namna hiyo, bila kubadilika, tunafikiria kwanza hitilafu ya umeme.

Kuna dawa inaitwa adenosini. Unaichoma kwenye mshipa kwa kasi, unaisukuma papo hapo na maji ya chumvi, kwa sababu nguvu yake kwenye damu inaisha ndani ya sekunde chache tu. Siku ile haikuwemo kabatini. Nesi niliyekuwa naye zamu, dada wa Mwandiga mwenye miguu mepesi, akatoka mbio hadi kwa mama anayeuza juisi nje ya geti akarudi na bonge la barafu. Tukaliponda, tukajaza vipande kwenye glavu na maji kidogo, tukaifunga fundo. Nikamwekea mtoto usoni, kuanzia kipaji cha uso mpaka juu ya pua, mdomo na matundu ya pua vikiwa wazi, nesi akihesabu sekunde kwa sauti. Alipofika kumi na mbili, michoro iliyokuwa imebanana kwenye karatasi ikakatika. Mstari ukaenda mtupu. Halafu pigo moja likaja, la pili, la tatu, na mapigo yakakaa kwenye 140. Mama alikuwa amefumba macho. Nesi akamgusa bega akamwambia, "Mama, tazama mwanao anavyokutazama."

Baridi usoni huamsha neva ileile inayopunguza mapigo ya mtu anayezama majini, na neva hiyo huliziba kwa muda lile fundo la katikati. Tafadhali msilifanye hili nyumbani. Mtoto anaweza kuzibwa pumzi, na bila karatasi ya ECG huwezi kujua kama ni hitilafu ya umeme au ni moyo wa homa unaofanya kazi yake halali. Na yeyote aliyefundishwa kubonyeza macho ya mtoto ili kushusha mapigo, aache kabisa. Jicho linaweza kuumia.

Wazazi huniuliza umeme unapataje kwenda mbio kiasi hicho, na watu wa mpakani hunielewa haraka kuliko wengine. Nawaambia: mzigo unaopita Manyovu unasimama forodhani, unakaguliwa, unaendelea. Lakini mtoto huyu amezaliwa na njia ya panya, uzi mwembamba wa nyama ya moyo uliopaswa kufa akiwa bado tumboni, unaounganisha juu na chini bila kupita kwenye fundo. Umeme unashuka kwa njia halali, unapanda kwa njia ya panya, unashuka tena, unazunguka hivyo bila kusimama. Mwaka 1930 Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White waliandika kuhusu vijana wenye afya njema ambao karatasi zao zilionyesha umeme ukiwahi kufika chini, na ambao mioyo yao ilikuwa ikienda mbio ghafla. Ugonjwa huo bado unabeba majina yao.

Kwa watoto wachanga kuna habari njema: wengi wao hali hii hutulia kabla hawajatimiza mwaka. Tunawapa propranololi kila siku kwa miezi kadhaa na tunawafuatilia. Tatizo ni kwamba vidonge ninavyovipata vimetengenezwa kwa watu wazima, kwa hiyo namkalisha mama na kijiko, maji yaliyopimwa na bomba la sindano lisilo na sindano, tunasaga na kupima pamoja mpaka mkono wake uzoee. Na kuna onyo ninalolirudia mpaka mama anaweza kunirudishia kwa maneno yake mwenyewe: propranololi haipewi mtoto mwenye njaa. Inaweza kushusha sukari ya mwili. Mtoto akitapika au akikataa kunyonya siku nzima, dozi inasimama na anakuja hospitali.

Watoto wakubwa, wanaoweza kufuata maelekezo, moyo ukienda mbio nawapa bomba la sindano la mililita 10 wapulize kwa nguvu mpaka kile kisukumio kisogee, kisha nawalaza chali na kuwanyanyua miguu. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, au ikirudi mara kwa mara, nawaandikia rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Njia ya panya inaweza kuunguzwa kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, na ikiungua vizuri mtoto anaacha dawa kabisa.

Sasa nije ziwani.

Nimezaliwa Ujiji. Watoto wa huku tunajifunza kuogelea tukiwa hatujajua kusoma, na kila familia ya kando ya ziwa ina hadithi ya mtu wake aliyechukuliwa na maji. Nikiwa mdogo nilizisikia hizo hadithi kama mtoto mwingine yeyote. Nilipokwenda Muhimbili kusoma udaktari, kisha udaktari bingwa wa watoto, kisha Cape Town kujifunza moyo wa mtoto, nilianza kuzikumbuka kwa namna nyingine. Kulikuwa na jambo katika hadithi hizo ambalo halikukaa sawa: kwa nini wengi waliotajwa walikuwa waogeleaji hodari? Mtu asiyejua kuogelea akizama, sababu inajulikana. Kijana aliyekulia kwenye mtumbwi, anayepiga mbizi chini ya boti kwa mchezo, anazamaje kwenye maji yaliyotulia mita chache tu kutoka ufukweni?

Mvulana wa miaka kumi na mmoja aliletwa na bibi yake kutoka kijiji cha kusini mwa mwambao, huko ambako boti ni rahisi kuliko gari. Alikuwa na karatasi za kifafa za muda mrefu. Alikuwa anameza fenobabitoni asubuhi na jioni na anasinzia darasani. Familia haikukaa mikono mitupu: sheikh alimsomea, alinywa kombe, akavalishwa hirizi, na mtaani walishasema ni jini la majini limempenda. Sikubishana na lolote kati ya hayo. Mtu aliyemhangaikia mtoto kwa kila alichonacho simvunji moyo, na kisomo hakimzuii mtoto kupimwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu dokta. Mimi nimechoka, mtoto huyu nimemleta uniambie wewe."

Nikamwomba anieleze siku moja tu. Nilitaka mtoto alivyoanguka mara ya mwisho, hatua kwa hatua, nani alikuwepo, alikuwa anafanya nini dakika moja kabla. Ugonjwa kwa ujumla wake ungesubiri. Bibi akaniambia walikuwa wanaoga Kibirizi walipokuja kuuza migebuka, mtoto akaruka majini kutoka kwenye boti, akaibuka, akapiga mikono kidogo, akalegea. Binamu yake akamvuta. Alikuwa mweupe midomoni. Akatikisika mikono kwa muda mfupi, akavuta pumzi kubwa, akafumbua macho na kumtaja binamu yake kwa jina. Na mara iliyotangulia? Alikuwa anakimbia mbio za shule. Na kabla ya hapo? Majini tena. Akiwa amelala, je? Hapana. Akiwa amekaa anakula? Hapana, hajawahi.

Hapo nilishaanza kujua. Mtoto wa kifafa akimaliza kutikisika, kwa kawaida anabaki amechanganyikiwa, analala, kichwa kinauma, hajui yuko wapi. Huyu aliamka akili timamu. Kifafa kinaweza kumkuta mtoto popote, amelala au yuko mezani. Hiki kilimkuta majini na kwenye mbio tu. Kutikisika peke yake si ushahidi, kwa sababu ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache mwili nao hutikisika, hata kama chanzo kiko kifuani.

"Bibi," nikamuuliza, "kwenu kuna mtu aliyewahi kufa maji?"

Akanyamaza. Kisha akasema alikuwa na mtoto wa kiume, mjomba wa huyu mvulana, aliyekuwa akizamia nyavu zikikwama. "Hakuna aliyemshinda maji pale kijijini. Maji yakamchukua mchana kweupe."

Nikamlaza mvulana kitandani. Nataka niieleze karatasi yake kidogo, kwa sababu kila kituo chenye mashine hii kinaweza kufanya nilichofanya. Karatasi inatoka kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Kijiraba kidogo ni sekunde 0.04, kiraba kikubwa ni sekunde 0.2. Unatazama umbali kati ya mwanzo wa pigo la vyumba vya chini na mwisho wa kile kilima kinachofuata, muda ambao moyo unajichaji upya baada ya kukaza. Tunauita QT. Kwa sababu unabadilika na kasi ya mapigo, unaurekebisha kwa kanuni ya Bazett ya mwaka 1920: unagawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo. Mtoto akivuka milisekunde 460 tunakaza macho. Nilipima wa mvulana yule kwenye pigo moja, nikapima kwenye lingine, nikampa na daktari wa mafunzo kwa vitendo apime bila kumwambia nimepata nini. Tulikutana kwenye 520.

Moyo unaochelewa kujichaji uko hatarini. Pigo jipya likiwahi kabla haujawa tayari, umeme unaweza kuvurugika, vyumba vya chini vinatetemeka badala ya kusukuma, na mtoto anaanguka. Mara nyingi unajirudi wenyewe. Usipojirudi, na mtoto yuko majini, watu watasema amezama. Kuna aina inayoamshwa na kuogelea na kukimbia, nyingine na sauti ya ghafla, kengele au simu inayolia karibu na kitanda, nyingine inakuja usingizini. Mwaka 1957 madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen wa Norway waliandika kuhusu familia moja yenye watoto wanne waliozaliwa viziwi, wanaozimia mara kwa mara, na watatu kati yao walikufa ghafla. Ndiyo maana mtoto kiziwi anayezimia simwachi aondoke bila karatasi.

Nilimweleza bibi polepole, na mvulana akiwepo, kwa sababu mwili ni wake. Dawa ni propranololi, ambayo nchi hii inayo na si ya bei ya kutisha. Haiponyi, inakinga, na inakinga siku ile tu aliyoimeza. Fenobabitoni tuliipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha, maana dawa hiyo haikatwi ghafla. Kuogelea, hapana. Kushindana mbio, hapana. Kwa mtoto wa ziwa hilo ni jambo zito sana na sikulifanya dogo. Aliniuliza kama anaweza kuingia mpaka magotini. Nikamjibu magotini sawa, awe na mtu mzima karibu.

Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye jalada la daftari lake majina ya dawa asizopaswa kupewa bila daktari kufikiri kwanza. Juu kabisa kwinini, inayorefusha muda huohuo, na chini yake erithromaisini. Kwenye mkoa wenye malaria kama wetu hilo si jambo la pembeni. Nilifurahi sana dawa ya malaria kali ilipobadilika kutoka kwinini kwenda sindano ya atesuneti, baada ya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, kuonyesha kwamba atesuneti inaokoa watoto wengi zaidi. Wengi walifurahia takwimu za vifo, nami pia. Lakini niliwafikiria na hawa wangu wachache, ambao dripu ya kwinini ingewakuta hakuna anayejua walichonacho.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuupata. Niliwaita wote. Dada yake mvulana, ambaye hajawahi kuzimia hata siku moja, alitoka na 490. Mama yao naye anao. Yule mjomba hatuwezi kumpima tena, na sitaandika hapa kwamba najua kilichomuua. Bibi yake hakuhitaji niseme. Alisema, "Basi hakuwa mzembe," akajifuta uso na upande wa kitenge. Kijijini walikuwa wamemlaumu kijana wake miaka yote kwamba alikunywa pombe kabla ya kuzamia.

Mwalimu wangu mmoja Cape Town alikuwa na desturi ya kufunika maelezo ya mgonjwa na kutuonyesha karatasi ya ECG peke yake, tuisome kwanza tusishawishike. Ni zoezi zuri na lilininoa macho. Ila kwa hapa nyumbani nimegeuza utaratibu. Wanafunzi wanaopita kwangu hawagusi karatasi mpaka wamekaa na mama, bibi au mwalimu wa shule na kuniletea tukio moja lililoelezwa mwanzo mpaka mwisho. Karatasi inaandika sekunde kumi za siku ambayo mtoto hana shida. Bibi aliona siku yenyewe.

Wale ambao umeme unakatika katikati ni wachache, nitasema habari ya mmoja. Msichana wa miaka tisa, wa Kalinzi, shuleni walishamwita mvivu kwa sababu kila wakipanda mlima anakaa chini njiani. Mapigo yake yalikuwa 44, na juu na chini kila kimoja kinapiga kwa mwendo wake bila kusikilizana. Hali hii mara nyingi huanzia tumboni: kinga za mwili wa mama, hata mama asiyejijua mgonjwa, zinapita kondo la nyuma na kuharibu fundo la katikati la mtoto. Dawa ya kudumu hakuna. Kinachotakiwa ni betri ya moyo, kifaa kidogo kinachopandikizwa mwilini ili kiupe moyo umeme wa kupiga. Baba yake aliuza kahawa ya msimu, ndugu wakachanga, ustawi wa jamii wakasaidia, wakasafiri zaidi ya kilometa 1,200 hadi Dar es Salaam.

Kabla hawajaondoka baba aliniuliza, akiwa ameshika kofia mikononi, kama mtoto mwenye betri anazeeka. Nikamweleza habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo, mwaka 1958. Ilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist na kupandikizwa na daktari wa upasuaji Åke Senning. Ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu. Wakamwekea nyingine, na nyingine. Alibadilishiwa mpaka zikafika 26, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Baba akarudia, "Themanini na sita," akavaa kofia.

Msichana alirudi na kovu lake na maswali mengi kuliko baba yake. Redio haina shida, televisheni haina shida, jiko halina shida. Simu asiiweke mfuko wa upande wa betri, na akiongea aitumie sikio la upande wa pili. Akiwahi kuambiwa aingie kwenye mashine kubwa ya picha ya sumaku, aseme mapema. Asipigwe mpira hapo. Betri itabadilishwa baada ya miaka kadhaa, na nyaya zitaangaliwa kadiri anavyorefuka. Na mlima wa Kalinzi, dokta? Panda.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, nina ombi na nalisema bila kuzunguka. Mashine za ECG tunazo katika hospitali zetu nyingi. Zimewekwa kwa ajili ya wazee wa presha na wanaosubiri upasuaji, na mtoto anayezimia anapita mlangoni kwake akielekea dirisha la dawa za kifafa. Mwingizeni. Haichomi, haitoi damu, inachukua dakika chache. Vile vibandiko vikiwa vikubwa kwa kifua cha mtoto, vikate nusu kwa mkasi. Mimi hufanya hivyo kila wiki. Mtoto akilia karatasi itajaa mikwaruzo, basi mwache anyonye kwanza, pima amelala. Msishtuke mkiona mapigo yanaongeza kasi akivuta pumzi na kupungua akiitoa, hiyo ni afya ya utotoni. Na karatasi ile inaandikwa kwa joto, kwa hiyo joto hilohilo linaifuta. Nimepokea karatasi zilizokaa kwenye pindo la kanga kutoka Kasulu mpaka mjini zikiwa nyeupe kabisa, na tukio lililonaswa likawa limepotea. Ipigeni picha kwa simu palepale, mtoe na nakala.

Wazazi na walimu: mtoto aliyezimia akikimbia, akiogelea, au aliposhtuliwa na kelele, aletwe hata kama aliamka na kuendelea kucheza. Mkiweza, mmoja arekodi kwa simu wakati mwingine anamhudumia. Mtoto wa familia yenye mtu aliyekufa ghafla kijana, au mwogeleaji aliyezama bila sababu, asisubiri kuzimia. Na mtoto akianguka, haitikii, hapumui, usimmwagie maji wala usimpe kitu cha kunusa. Mlaze chali pagumu, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha theluthi moja ya kifua chake, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu mwingine atafute usafiri. Aliyetolewa majini anza kwa kumpulizia pumzi tano, ndipo ubonyeze.

Yule mvulana sasa yuko sekondari. Vidonge vyake vinakaa kwenye mkebe wa vifaa vya hisabati, na mwalimu wake wa zamu anajua saa ya kumkumbusha. Hajaanguka tena. Kazi aliyojichagulia msimu wa dagaa ni ya nchi kavu, kuanika na kupima, na bibi yake anasema mizani yake haipunji mtu. Alhamisi ananiletea watoto wa mama yake mdogo, wanakuja na boti ya usiku. Nimeshaagiza karatasi za mashine, na vibandiko nimevikata.